Pasta, Kwani Ndoo Yangu Ilikuwa Nyepesi?

Somo: Hesabu 27:1-7; Yakobo 5:4



Mwaka jana tulipokuwa tukimwaga msingi wa darasa la watoto, tulikuwa na vibarua kumi na wawili: wanaume saba, kina mama watano. Kazi ilikuwa moja, kuchota maji na kubeba mchanga na kokoto mpaka kwa fundi. Jioni nikalipa mwenyewe. Wanaume mia sita sita, kina mama mia nne nne. Hata sikufikiri, ndivyo nilivyozoea kuona. Mama mmoja akahesabu pesa, akanitazama: "Pasta, kwani ndoo yangu ilikuwa nyepesi?"

Nikamjibu vibaya. Nikasema hii ni kazi ya Mungu, asiangalie pesa. (Wale saba sikuwaambia hivyo!) Usiku huo usingizi ulikataa.

Nikafungua Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa na mkutano mzima, wakadai fungu la baba yao. Musa hakuwanyamazisha kama mimi. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wana haki. Kisha Yakobo anatuambia ujira uliozuiliwa hulia wenyewe mpaka mbinguni. Hakusema ni ujira wa wanaume tu.

Kuna mtu atasema, "Lakini pasta, mwanamume ana familia." Haya, nenda Kibuyuni maji yakipwa. Utawaona kina mama wameinama baharini wakifunga mwani kwenye kamba, jua la utosi. Wakitoka hapo, kuni na chungu vinawangoja. Nyinyi wa Diani mnawajua wanaofua mashuka ya mahoteli. Karo za watoto wao analipa nani? Tunapenda kuhubiri Mithali 31 kama orodha ya kazi za mke mwema, lakini aya ya 31, ile ya mwisho, inataka afaidi alichokichuma kwa mikono yake. Hapo huwa tunafunga Biblia.

Hata Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, awe mwanamume au mwanamke. Ni aibu Bunge litangulie kanisa.

Basi nilitubu, nikawatafuta wale mama na mia mbili mbili zao, kutoka mfukoni mwangu, si kwenye sadaka. Wanne walipokea, mmoja akacheka sana. Yule aliyeuliza alikuwa ameshahama, na kanisani hajarudi tangu siku ile. Nasikia yuko upande wa Ukunda. Mia mbili yake iko kwenye bahasha, ndani ya Biblia yangu. Anayemjua amwambie namtafuta.