Mpwa Wangu, Usinunue Boksi

Picha uliyonitumia nimeiona. Ni boksi zuri kweli: Zohali imekolea rangi ya dhahabu na pete zake zote, nyuma yake galaksi ya zambarau, na pembeni wameandika kwa herufi nene kwamba darubini hii inakuza mara 675. Unasema mwenye duka Kariakoo amekubali kushuka hadi laki tatu na nusu, na kesho unapanda treni ya asubuhi kuifuata. Mimi ni mtu mzima, nimechoka kubishana na vijana juu ya maneno ya kwenye maboksi. Ila wewe ni mtoto wa dada yangu, na kwetu Uluguru mjomba hana ruhusa ya kukaa kimya. Basi kaa chini unisikilize.

Tuanze na hiyo 675, maana najua ndiyo iliyokuloga. Hesabu yake ni ya darasani: unachukua urefu wa fokasi wa bomba, unaugawa kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Bomba lako ni milimita 900. Lenzi ndogo kuliko zote humo ndani ni ya milimita 4. 900 ukigawa kwa 4 unapata 225. Halafu wametia kijibomba cha kuzidisha mara tatu, na 225 mara tatu ni 675. Hawajadanganya hesabu. Walichonyamazia ni mwanga. Lenzi ya mbele ya chombo hicho ina kipenyo cha milimita 60, na watu wa kazi hii wanajua kwamba kila milimita ya kipenyo inabeba ukuzaji wa mara mbili hivi, haizidi. Mwisho wako hapo ni 120, tena usiku ambao hewa imetulia. Ukivuka hapo picha inazidi kuwa kubwa, huku ikizidi giza na kuvurugika, mpaka Mshtarii inakuwa doa lisilo na kingo. Galileo aliviona vijimwezi vinne vya Mshtarii mwaka 1610 kwa chombo kilichokuza mara 20 hivi.

Nilipotoka Chuo cha Ardhi, hapa hapa Morogoro, nilikabidhiwa tiodolaiti, chombo cha wapima ardhi, na kazi hiyo ndiyo niliyostaafu nayo. Darubini yake ilikuza mara 30 hivi. Kwa hizo 30 nilisoma alama za fimbo ya vipimo iliyoshikwa na mwenzangu ng'ambo ya bonde, na mipaka ya mashamba ya watu ikakaa mahali pake. Niliweza kwa sababu chombo kilisimama. Sasa itazame miguu ya hiyo yako kwenye picha: vijiti vitatu vya alumini, vyembamba kuliko vya kuanikia nguo. Dukani omba waisimamishe, uielekeze kwenye bango la mbali mtaani, kisha uligonge bomba kidogo kwa kidole. Hesabu taratibu hadi tatu. Ukifika tatu na maandishi bado yanacheza, warudishie kwa heshima, uwaage.

Najua muuzaji atasema nini. Atakwambia ongeza laki mbili upate ile yenye stendi ya ikweta, yenye mikono na vyuma vya uzito, ndiyo wanayotumia wataalamu. Hapa nisikilize kuliko kote, kwa kuwa hili hutalikuta limeandikwa kwenye boksi lolote. Stendi hiyo ina mhimili ambao lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kuzunguka. Aliyeko London ana ncha ya kaskazini juu kabisa, nyuzi 51, na ana nyota ya kumwonyesha ilipo. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Ncha yetu ni ya kusini, imelala nyuzi 7 tu juu ya upeo, na haina nyota ya maana ya kuionyesha. Haya, simama Kilakala utazame kusini. Unaona nini? Mlima. Lupanga ina mita 2,138, na mji uko kwenye mita 500 hivi. Ncha ya kusini yenyewe iko nyuma ya mlima huo, hutaiona maisha yako yote ukiwa uwanjani kwa mama yako. Tena stendi nyingi za bei rahisi hazishuki mpaka nyuzi 7. Ukizilazimisha, chuma cha uzito kinagonga mguu. Utakuwa umeongeza laki mbili kununua kero.

Aliyeitibu kero hii alikuwa mtawa. John Dobson aliishi kwenye monasteri ya Kihindu kule San Francisco, hana fedha, lakini anataka watu wa mtaani waione Zohali kwa macho yao. Akawa anasaga vioo vya darubini kutokana na vioo vinene vya madirisha ya meli, akivitia kwenye bomba la karatasi ngumu na stendi ya plaiwudi. Mwaka 1968 yeye na wenzake wakaanzisha kikundi cha kuweka darubini kandokando ya barabara, apitaye aangalie bure. Stendi yake ni boksi la mbao linalozunguka kushoto na kulia, na bomba linapanda na kushuka. Basi. Haiulizi ncha iko wapi. Siku hizi zinauzwa fupi za kuweka juu ya meza, zenye kioo cha milimita 114 au 130, na mbao zake zikivunjika fundi seremala wa Mji Mpya anakutengenezea nyingine bila kukuuliza kitabu. Ina dosari moja kwa nchi zetu: ikielekezwa utosini kabisa inakuwa ngumu kuizungusha, na huku kwetu vingi vizuri vinapita karibu na utosi. Ngoja saa moja viteremke. Hata hivyo kile kinachopita juu kinaonekana safi, maana unakitazama kupitia hewa kidogo. Ulaya wanaililia bahati hiyo.

Kioo cha milimita 130 kinakusanya mwanga zaidi ya mara nne ya lenzi ya 60. Hapo ndipo hela inatakiwa iende. Ila sitakuficha, kioo kina adabu zake. Ukikifunga nyuma ya bodaboda ukapanda nacho Mgeta, kupitia Sangasanga na Mlali mpaka Nyandira, kitafika kimehama mahali pake, na lazima ujue kukilinganisha upya kwa zile skrubu tatu za nyuma. Si kazi ngumu, lakini ni kazi, na mimi nakujua. Darubini ya lenzi inavumilia barabara na vumbi kuliko ya kioo. Kama utakuwa unasafiri nayo kila likizo, ya lenzi yenye milimita 70 au 80 na stendi ya kawaida isiyotikisika si uamuzi wa kijinga.

Sasa hela yako. Laki tatu na nusu, mpwa wangu, haitoshi darubini nzuri ya kioo, kwa sababu huko kwao tu hizo za mezani huanzia karibu dola 200, kabla ya nauli na ushuru. Inatosha darubini ya macho mawili, ile wanayovaa shingoni waongoza watalii wa Mikumi, na chenji inabaki. Usinune. Tafuta iliyoandikwa 10x50: inakuza mara 10, na kila lenzi ya mbele ina milimita 50. Mboni ya kijana gizani inafunguka milimita 7 hivi, kwa hiyo lenzi moja tu hapo inakusanya mwanga mara 50 ya jicho lako. Zikimbie zenye lenzi zinazong'aa wekundu, na zikimbie zaidi zinazojitapa kukuza mara 180 kwa kuzungusha kitufe. Kabla ya kulipa, tazama mnara wa simu ulio mbali. Ukiona minara miwili, au kichwa kikaanza kuuma, vioo vya ndani vimepishana, mwambie akupe nyingine. Kisha isogeze mbali na uso uielekeze penye mwanga: vile viduara viwili vya mwanga viwe mviringo kamili. Vikikatwa pembeni, wamebania vioo vya ndani.

Kwa chombo hicho tandika mkeka uwanjani ulale chali. Januari na Februari, kati ya vuli na masika, Kilimia itageuka kuwa nyota kwa makumi, na wingu la Orioni litaonekana kusini kidogo mwa ule mstari wa nyota tatu. Mei jioni Msalaba wa Kusini unapanda nyuzi 37 hivi, juu ya mlima bila wasiwasi, na juu yake zaidi kuna Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota, ambalo Mzungu wa London hajawahi kuliona kwao. Juni hadi Septemba, njia ya maziwa inapita juu ya kichwa chako, na hapo mtu anaweza kupoteza usiku mzima kwenye kundi la nyota la Nge na mkia wake. Mshtarii na vijimwezi vyake utaviona ukiegemeza viwiko ukutani. Pete za Zohali hutaziona kwa mara 10. Hizo zinataka 25 au 30 kwenda juu. Hazina haraka. Machi 2025 zilitugeukia ubavu zikawa uzi, sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka, na zitafunguka zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2030. Mpaka uweke akiba ya kioo chako, zitakuwa pana.

Aprili usinipigie simu kulalamika mawingu. Masika ni masika. Hata kipupwe Lupanga hujifunika, na upande wa mashariki, Kinole na Matombo, ukungu unaingia mpaka chumbani. Upande wa Mgeta kuna ukavu kidogo, na taa za Msamvu na Kihonda hazifiki. Adui yako hasa ni unyevu. Lenzi ikifungiwa mbichi kwenye begi, kuvu huota ndani na kuchora nyuzi juu ya kioo, na hakuna fundi hapa wa kuzitoa. Weka humo vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya, na usifute lenzi kwa khanga ya mama yako hata ikiwa imefuliwa leo.

Usitarajie rangi za kwenye boksi. Zile ni picha za kamera zilizokusanya mwanga kwa saa nyingi. Jichoni wingu la Orioni ni moshi wa kijivu, na Mirihi miezi mingi ni kidoa chekundu tu. Ndiyo maana ningependa kabla ya kununua chochote uangalie kwenye darubini ya mtu mwingine. Kenya, Susan Murabana amezunguka na darubini yake mashuleni miaka mingi, watoto wakipanga foleni. Kwetu, Dkt. Noorali Jiwaji, aliyefundisha Chuo Kikuu Huria, amehangaika kuwafundisha watu anga muda mrefu. Ulizia Dar es Salaam, ulizia idara za fizikia. Dakika tano kwenye chombo cha mtu zitakufundisha kuliko video zako zote za simu.

Na mwambie mwenyekiti wa mtaa mapema. Kijana na bomba jeusi juu ya miguu mitatu, saa sita usiku, kwenye mji wenye kambi za jeshi, si jambo la kuelezea wakati watu wameshakusanyika na marungu. Mkaribishe aangalie mwezi ukiwa nusu, usisubiri mpevu, maana kwenye nusu ndipo mashimo yanaonekana kwa vivuli vyake. Akishauona, atakulinda yeye.

Limebaki moja, na hili halina mjadala. Ndani ya maboksi kama hilo huwa kuna kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa kwamba ni cha kutazamia jua. Pale mwanga wote wa jua unakusanyika kwenye sehemu ndogo kabisa, kioo kinapata moto, kinapasuka, na jicho lako liko nyuma yake. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete kule Rujewa, Mbarali, watu waliangalia kwa miwani maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Agosti 2, 2027 litapatwa tena; baadhi ya sehemu za Misri na Saudi Arabia litafunikwa lote, sisi tutapata sehemu tu, na hiyo sehemu ndiyo inayopofusha. Kichujio salama kinafunika mdomo wa mbele wa darubini, kabla jua halijaingia ndani. Utando wa nyuma ya jicho hauna neva za maumivu, utaungua bila kusikia kitu. Kile kioo cheusi ukikikuta kwenye boksi lolote, kitwange kwa jiwe, hata kama darubini ni ya kuazima, na mwenyewe akikasirika mwambie ni mjomba wako aliyekutuma.