Ramadhani 17: “Sheikh, Wewe Unalipwa na Nani?”



Ndugu yangu mfungaji, juzi baada ya tarawehe kijana mmoja alinitumia ujumbe. Hata salamu hakutoa. “Sheikh, hivi vijitabu vya kuwajibu Wakristo unalipwa kuandika? Na nani?” Nikakasirika, nikaiweka simu chini. Mpaka wakati wa daku ndipo nikaona kijana kauliza swali la haki. Leo namjibu mbele yenu.

Swali hili sote tunalijua, ila tunaliuliza upande mmoja tu. Akisimama mhubiri wa Kikristo pale stendi na spika zake, tunasema, “Huyo analipwa na Wazungu.” Basi, tumemaliza. Hoja yake hatujaigusa.

Hebu twende India, mji wa Agra, mwaka 1854. Kulikuwa na mmishonari Mjerumani, Karl Pfander, aliyekuwa chini ya shirika la wamishonari la Kanisa la Uingereza. Kitabu chake dhidi ya Uislamu kilikuwa kimeenea. Sheikh Rahmatullah Kairanawi alipokaa naye kwenye mjadala wa hadhara, angeweza kusema, “Jamani, huyu yuko kazini,” na watu wangecheka. Lakini yeye na rafiki yake, daktari Wazir Khan, walikuwa wamevichambua vitabu vya wataalamu wa Ulaya juu ya Biblia, wakamkabili Pfander kwa hoja. Mshahara wake waliuacha kama ulivyo.

Na Sheikh mwenyewe alikula wapi? Baada ya maasi ya 1857 Waingereza walimsaka, akakimbilia Makka, na mali yake India ikanadiwa. Kitabu chake Izhar al-Haqq alikiandika Istanbul kwa ombi la Sultani Abdulaziz. Mfadhili alikuwepo, tena mfalme! Na madrasa aliyoianzisha Makka, Sawlatiyya, ina jina la mwanamke wa Kihindi, Sawlat-un-Nisa, aliyekuja kuhiji akatoa fedha zake ijengwe. Wangapi kati yetu tunamwombea dua mama huyo? Miaka mingi baadaye, kijana muuza duka huko Afrika Kusini alikikuta kitabu hicho, kikamfungua macho. Kijana huyo ni Ahmed Deedat, ambaye vijitabu vyake vimefika mpaka kwenye meza za misikiti yetu. Vingi viligawiwa bure, na bure maana yake kuna mtu kalipia karatasi na wino.

Wako pia waliokula kwa kazi nyingine. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qurani ilitoka Nairobi mwaka 1969, alikuwa mwalimu Zanzibar, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya.

Utaniambia: mbona katika Surat Ash-Shu'araa Mitume watano, Nuh, Hud, Swaleh, Lut na Shuaib, kila mmoja anawaambia watu wake kuwa haombi kwao ujira? Kweli kabisa. Lakini pia Sayyidna Abubakar alipopewa ukhalifa aliamka asubuhi akabeba nguo zake kwenda kuuza sokoni, na Maswahaba ndio waliomrudisha na kumpangia posho, maana Waislamu wangekosa wa kuwahudumia. Na katika Bukhari yupo Swahaba aliyemsomea mgonjwa Al-Fatiha akapewa kondoo, na Mtume (s.a.w.) akaridhia. Maulamaa wamejadili sana ujira wa kufundisha dini. Sisi Mashafii tunauruhusu. Kwa hiyo kula si dhambi, ndugu yangu.

Sasa mimi. Mwaka juzi tajiri mmoja alisema atachapisha kijitabu changu chote, nakala 5,000, na bahasha yangu juu. Nilifurahi, wallahi. Kisha akaongeza: weka sura moja ya kuwasema wale masheikh wa msikiti wa pili, kwamba itikadi yao mbovu. Mimi na wale tunahitilafiana kwenye mambo madogo, tena mmoja wao ndiye aliyenifundisha nahau.

Ningependa kukwambia nilikataa papo hapo. Sikukataa. Nilikaa na fedha ile kichwani siku tisa, na kurasa nne za sura ile nilikwisha kuziandika. Na ziliandikika vizuri! Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Mke wangu ndiye aliyezisoma, akauliza, “Haya uliyajua lini? Mbona hujawahi kuyasema?” Nikazichana.

Kwa hiyo kijana wangu, hesabu yangu hii hapa. Kijitabu cha mwisho, nakala 1,000: laki sita walichanga watu wa Ijumaa, laki tatu nilitoa dukani kwangu, na mwenye mashine ya chapa bado ananidai laki mbili. Mimi sijachukua kitu, na siku nikichukua nitakwambia ni kiasi gani, kutoka kwa nani, na alitaka niandike nini. Ukisoma ukakuta nimemsingizia Mkristo jambo asiloliamini, nionyeshe ukurasa. Hilo ni kosa hata kama nimeandika bure.

Na nisamehe kwa kutokujibu usiku ule.

Allah atutakabalie swaumu zetu, na amrehemu Bibi Sawlat-un-Nisa. Aamin. Kesho in shaa Allah baada ya alfajiri.