Mbegu Ni Mali ya Nani?

Msomaji, chukua punje moja ya mahindi uitie katika kiganja cha mkono wako. Ni kitu kidogo sana. Haina urembo wa lulu wala uzito wa dhahabu, na ikianguka njiani hapana atakayeitafuta ila kuku. Walakini kwa ajili ya punje kama hiyo maduka ya Eldoret hujaa watu kila mwaka mvua za masika zinapokaribia. Mkulima wa Moiben na mkulima wa Turbo huja mjini na fedha waliyoiweka kwa taabu, kila mmoja akanunua mfuko wa kilo 10 unaotosha ekari moja, akarudi nao nyumbani kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mtoto. Ndani ya mfuko ule mna chakula cha nyumba yake, karo ya wanawe na heshima yake mbele ya majirani. Mwaka ujao atarudi dukani kununua mfuko mwingine, maana mahindi aliyoyavuna, ijapokuwa ni mazuri kwa ugali, si mazuri kwa mbegu.

Hapo ndipo lizukapo swali ambalo nataka tulifikiri pamoja: mbegu ni mali ya nani? Ni ya kampuni iliyoitengeneza, ya mkulima aliyeinunua, ya serikali iliyoikagua, au ya watu wote? Swali hili si la wakulima na mawakili peke yao. Wewe unayekula leo, na ambaye kesho utawalisha wengine, huwezi kulikwepa.

Jibu jepesi ni kwamba mbegu ni mali ya aliyeinunua, kama vile kiti kilivyo mali ya aliyekinunua. Jibu hilo halina kosa kwa kiti. Lakini mbegu haifanani na kiti. Kiti hakizai viti, na kadiri kinavyotumiwa ndivyo kinavyochakaa. Mbegu ikifungiwa miaka mingi bila uangalizi hufa, bali ikitumiwa huongezeka. Ukimpa jirani yako kibaba kimoja cha wimbi, baada ya mavuno nyote wawili mtakuwa na vibaba vingi, wala ukarimu wako hautakuwa umekufilisi. Tena fundi wa kiti twaweza kumtaja kwa jina. Fundi wa mbegu ni nani?

Hebu tumtafute. Wataalamu wametambua kwamba mahindi yalitokana na nyasi ya mwituni iliyoota kusini ya Mexico, ambayo wenyeji wa huko walianza kuilima miaka 9,000 hivi iliyopita. Nyasi hiyo ilizaa punje chache, ngumu kama vijiwe. Kizazi baada ya kizazi wakulima walichagua suke lililo bora, wakaliweka akiba, wakalipanda. Hawakuwa na hadubini wala hati ya kumiliki uvumbuzi, na hapana hata mmoja kati yao ambaye jina lake limetufikia. Katika karne ya 16 Wareno waliyaleta mahindi katika pwani ya Afrika Mashariki, na toka pwani yakapanda bara pole pole. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu aliponya wengi.

Hata hivyo mgeni aliacha nusu ya mzigo wake njiani. Wenyeji wa Mexico walikuwa na desturi ya kuchemsha mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Desturi hiyo huifungua vitamini ya niasini iliyofungika ndani ya punje, mwili ukaweza kuipata. Mabaharia walichukua mbegu wakaacha desturi. Kwa hiyo maskini wa kaskazini ya Italia, na baadaye wa kusini ya Marekani, ambao chakula chao kilikuwa mahindi karibu peke yake, walipatwa na pelagra, ugonjwa unaoharibu ngozi, tumbo na akili. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuuchunguza, naye akaonyesha kwamba haukuletwa na vijidudu, uliletwa na chakula kilichopungukiwa. Mtu aweza kushiba asilishwe. Mama anayepika githeri, akichanganya mahindi na maharagwe, au anayeandaa ugali pamoja na maziwa na managu, anaziba upungufu wa mahindi hata kama hajui jina la vitamini hata moja. Basi twajifunza kwamba mbegu ni zaidi ya punje. Mbegu ni punje pamoja na elimu ya kuilima na ya kuila, na elimu hiyo hapana mtu mmoja aliyeitunga peke yake.

Sasa tukaribie nyumbani. Toka Eldoret hadi Kitale ni mwendo usiofika kilomita 100. Huko, mwaka 1955, mtafiti Michael Harrison alianza kazi ya kutafuta mahindi bora kwa nyanda za juu za Kenya. Alikuwa na aina ya Kitale, iliyotokana na mahindi yaliyokuwa yakilimwa katika mashamba ya huku. Akakusanya mbegu nyingine kutoka Amerika ya Kati na ya Kusini, na mojawapo, iliyotoka katika milima ya Ecuador, ikaitwa Ecuador 573. Mbegu hizo mbili zilipooana, mtoto wao aliwapita wazazi wote wawili kwa nguvu na kwa mavuno. Mwaka 1964 chotara huyo alitolewa kwa wakulima kwa jina la H611. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ikaeneza mbegu hizo chotara na nyingine zilizozifuata, na Uasin Gishu na Trans Nzoia zikawa ghala la nchi.

Lakini nguvu ya chotara ina tabia moja. Ukipanda punje zilizovunwa katika shamba la chotara, mimea itakayoota haitafanana, na nguvu ile itapungua. Hapana hila ya mtu katika jambo hili. Ndivyo maumbile yalivyo. Ila matokeo yake ni kwamba mkulima ambaye babu yake alikuwa akichagua mbegu katika ghala lake mwenyewe, sasa aitazamia dukani. Amepata mavuno makubwa, akapoteza sehemu ya uhuru wake. Je, ameibiwa? Tusiharakishe kusema hivyo. Alichagua, na wanawe walishiba. Lakini tusiseme pia kwamba hakulipa chochote zaidi ya bei iliyoandikwa juu ya mfuko.

Haki yataka tusikilize pande zote. Kutengeneza mbegu chotara ni kazi ngumu. Shamba lake hutengwa mbali na mahindi mengine ili upepo usilete chavua ya kigeni. Mbelewele za mistari ya kike hung'olewa moja moja zisichavushe. Na kabla ya aina mpya kutolewa hujaribiwa kwa miaka mingi. Atendaye kazi hiyo astahili ujira wake, na asipolipwa hatakuwapo wa kuitenda. Kadhalika sheria inayotaka mbegu zikaguliwe ina maana. Katika nyanda hizi mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka. Mkulima aliyeuziwa mbegu bandia hapotezi fedha peke yake, hupoteza mwaka mzima wa maisha yake.

Ila sheria njema yaweza kuvuka mpaka wake. Sheria ya Kenya ya Mbegu na Aina za Mimea, hasa baada ya kubadilishwa mwaka 2012, iliweka adhabu kwa mtu aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa: faini iliyoweza kufika shilingi milioni 1, au kifungo cha hadi miaka 2. Kwa maneno hayo, bibi aliyempa jirani yake mbegu za mtama kwa kubadilishana na kunde aliweza kuhesabiwa pamoja na wadanganyifu. Na huku Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, ilikuwa imeliagiza Bunge kulinda umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kulalamika, na mwezi Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuweka, kubadilishana na kugawana mbegu zao vilikuwa kinyume cha Katiba.

Uamuzi wa mahakama hutuambia lililo halali. Kazi yetu ni kuuliza kwa nini ni haki. Mimi naona hivi: mtu achotaye maji mtoni, akayabeba mabegani na kukuletea mlangoni, ana haki ya kukutoza, maana unalipa jasho lake. Hana haki ya kuuziba mto. Mtengeneza mbegu naye anauza jasho lake na ujuzi wake, nasi tumlipe bila kinyongo. Lakini mto ule, yaani uhai uliolelewa kwa miaka 9,000 na mikono isiyo na majina, hakuutengeneza yeye, wala hawezi kuufunga wengine wasichote.

Yuko mdai mwingine ambaye hajasema neno katika shauri hili, kwa kuwa hajazaliwa. Atakula nini? Mwezi Septemba 2011 ugonjwa mpya wa mahindi uligunduliwa Bomet. Virusi viwili vilipokutana katika mmea mmoja, majani yalikauka toka kingoni na masuke yakatoka matupu. Ugonjwa ukaenea katika sehemu nyingi za Kenya, na mbegu zilizokuwa madukani zilipopimwa, karibu zote hazikuwa na kinga. Mwaka 1970 Marekani ilikuwa imeonja uchungu wa namna hiyo, ilipopoteza asilimia 15 hivi ya mahindi yake kwa ukungu mmoja, kwa kuwa mashamba mengi yalikuwa na mbegu za ukoo mmoja. Mahindi yanayofanana huugua kwa kufanana. Na kinga hutoka wapi? Hutoka katika mbegu nyingine, aghalabu zile zilizodharauliwa au zilizo mbali. Kwa ugonjwa wa Bomet, kinga mojawapo iliyo thabiti ilipatikana katika mahindi yenye asili ya Thailand. Aliyeyahifadhi mahindi yale hakujua kwamba anamwekea akiba mkulima wa Kenya.

Nasi pia tumepata kuwa wakopeshaji. Wimbi lilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, likavuka bahari zamani sana, na hata leo hulisha watu wengi kusini ya India. Lina kalisi nyingi kuliko mahindi na huvumilia kukaa ghalani miaka mingi. Lakini wangapi kati yenu mnajua majina ya aina zake zilizolimwa na nyanya zenu? Wahenga walionya, usiache mbachao kwa msala upitao. Benki ya mbegu ya taifa iliyoko Muguga, iliyoanzishwa mwaka 1988, imehifadhi makumi ya maelfu ya sampuli za mbegu. Ni kazi ya kusifiwa, lakini mbegu iliyo katika baridi haijifunzi mvua mpya wala jua jipya. Yataka pia shamba na mtu wa kuilima.

Mrusi Nikolai Vavilov, aliyefika Ethiopia mwaka 1927 kukusanya mbegu, alitambua jambo hili mapema. Mkusanyo wake uliwekwa katika mji wa Leningrad. Majeshi ya Ujerumani yalipouzingira mji huo toka mwaka 1941 hadi 1944, wenzake kadhaa walikufa kwa njaa huku wakilinda maghala yaliyojaa nafaka. Mmoja wao, Dmitri Ivanov, alikuwa mlinzi wa mpunga, naye alikufa akiwa na maelfu ya vifurushi vya mpunga karibu naye. Vavilov mwenyewe alifia gerezani mwaka 1943.

Je, walitenda vema? Pengine utasema kwamba mwenye njaa ana haki ya kula. Ni kweli. Mama ambaye watoto wake wanalia, akipika mbegu yake, hana lawama. Lawama ni ya jamii iliyomwacha bila akiba nyingine. Watu wale hawakutoa sheria kwa mama huyo. Walijihukumu wenyewe tu, wakaona kwamba kile walichokabidhiwa hakikuwa chao.

Neno la lugha yetu kwa kitu cha namna hiyo ni amana. Mali unaweza kuiuza, kuila au kuitupa. Amana unaitumia kwa ruhusa, na utaulizwa habari yake. Mbegu ni mali ya aliyeinunua kwa msimu mmoja. Kwa miaka yote mingine ni amana. Kwa hiyo, msomaji, ukiwa mtafiti siku moja, chukua ujira wako lakini usifunge mto. Ukiwa mtunga sheria, mtenge mdanganyifu na bibi mkarimu. Ukiwa mkulima, panda chotara kwa ajili ya mavuno, na uache kipande cha shamba kwa wimbi, mtama na kunde. Na kabla hujawa chochote kati ya hivyo, nenda kwa wazee wa kwenu na daftari, uandike majina ya mbegu wanazozijua, namna zilivyolimwa na namna zilivyopikwa. Kazi hiyo haingoji shahada, na wazee hawatakungoja daima.