Picha Iulize, Maneno Yajibu

Wazazi na walimu wa sharika zetu huuliza mara nyingi: Mtoto anayeanza kusoma, yafaa apewe kitabu cha namna gani? Wengine husema, "Mpe chenye picha nyingi, apate kufurahi." Wengine hukataa, wakisema, "Picha humfanya mvivu. Huitazama, hukisia neno, nasi twadhani amesoma." Maneno haya yote mawili yana kweli ndani yake, nayo yatupasa kuyapima.

Natumwaze mtoto mmoja wa kisiwa cha Chole, katika Ghuba ya Chole, huko Mafia. Kila jioni huwaona popo wakubwa wakiondoka mitini kwenda kutafuta matunda ng'ambo ya maji. Mchana husikia tezo za mafundi wakichonga mbao za mashua. Sisi twasema hajui kitu, kwa kuwa hajui herufi hata moja; kumbe aijua mashua tangu mkuku hata tanga.

Basi, apewe kitabu chenye picha ya mashua, na chini yake neno "mashua". Ataitazama picha, atasema "mashua", na mwalimu atamsifu. Je, amesoma? Ifunike picha kwa kiganja, naye labda atanyamaza. Kosa si lake. Tumemsifu kwa kazi asiyoifanya, naye amejifunza kwamba kusoma ni kusema yale yanayowapendeza wakubwa. Mtoto akikua na mazoea hayo, atakubali lo lote atakaloambiwa kuwa limeandikwa, wala hatatazama mwenyewe.

Sasa apewe kitabu kingine. Mashua imeegeshwa mchangani, maji yajaa, watu wamesimama wakitafuta kitu, na mtoto mmoja ameficha mkono nyuma ya mgongo. Ameshika nini? Picha haisemi. Chini yake pameandikwa, "Ali ana nguruzi." Hapo hakuna njia ila kusoma. Mtoto wa Chole akiisha kulitamka neno hilo atacheka, maana ajua kwamba nguruzi ni kizibo cha tundu la mashua, na pasipo hicho hakuna safari. Kicheko hicho si hongo tuliyompa ili asome. Ni dalili kwamba amefahamu.

Labda mtu atauliza: Je, mtoto asisome ila habari za kwao? Hasha. Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, kilitolewa kitabu cha picha cha mwalimu na askofu Comenius, kwa Kilatini na Kijerumani. Alianza na sauti za wanyama: kunguru aliapo, mtoto husikia sauti ya A. Kutoka mlio anaoujua, mtoto alifikishwa kwenye herufi asiyoijua. Na kurasa za mbele zikampeleka kwenye kazi za mafundi, nyota za mbinguni na mambo ya mbali.

Hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Mtoto wa Chole akikuta mashua imechorwa vema, kitabu amekipima kwa macho yake, akakiona ni cha kweli. Kesho kikimwonyesha theluji ya Kilimanjaro, atakuwa na sababu ya kukiamini. Lakini akikuta tanga limefungwa pasipo mahali pake, atajua kwamba mchoraji hakujali, naye ana haki ya kukitilia shaka kitabu kizima. Kadhalika mtoto wa Uchagga, ajuaye mgomba kuliko bahari, aanzie mgombani, ndipo afike kwenye popo wa Chole.

Twamshukuru Mungu kwamba leo viko vitabu vya watoto vilivyotungwa kwa Kiswahili, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Tanzania mwaka 1991 umeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini wingi wa vitabu hautuondolei kazi ya kuchagua.

Basi, ndugu, kabla ya kununua, fungueni ukurasa mmoja. Ikiwa picha imesema yote, kirudisheni. Ikiwa picha yauliza na maneno yajibu, mpeni mtoto, kisha nyamazeni mmsikilize. Akisema, "Mchoro huu si kweli," msimkemee. Huyo ameanza kusoma.