Mtaro wa Mbele ya Duka

Tumfikirie mwenye duka mmoja wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwenye mojawapo ya zile avenyu za namba, zilizonyooka tangu Wabelgiji walipozipima kwa ajili ya Waswahili wa Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo. Mbele ya duka upo mtaro wa wazi. Unanuka, umejaa chupa na takataka za gereji, wateja wanauruka. Akamwaga zege juu yake, akapata kibaraza safi. Jirani akamwiga, kisha avenyu nzima. Baada ya hapo hakuna chepe lililoweza kuingia tena kuzoa mchanga.

Ikaja kazi ya barabara. Lami mpya ikamwagwa juu ya ile kuukuu bila kuikwangua kwanza. Njia ikapanda, na vizingiti vilivyokuwa juu yake vikabaki chini. Mvua kubwa ilipopiga, maji yalikuta mtaro umeziba yakaingia milangoni, hata kwa ajuza ambaye hakuwahi kufunika chochote.

Duka hili ni la mfano, ila hatari si ya mfano. Bujumbura imekaa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na mvua ya huko juu hushuka mjini kwa kasi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini, ikiwemo Kamenge na Kinama. Nyumba nyingi za rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo, zilibomoka. Mitaro pekee isingeyazuia maji yale, lakini mji wenye mvua kama hizo haumudu kujizibia hata mmoja.

Waliojenga mitaa ya zamani walijua jambo: barabara chini, kibaraza juu, mtaro wazi kati yake. Sura hiyo ya mtaa tunayoipenda ndiyo inayoondoa maji. Basi lami ya zamani ikwanguliwe kabla ya mpya, na panapohitajika kifuniko kiwe kibao cha zege ambacho watu wawili wanaweza kukinyanyua. Tena mafundi wasiishie kwenye avenyu. Maji ya Buyenzi yanaelekezwa Ntahangwa, mto ambao umeshamega kingo zake hadi nyumba za mtaa wa Mugoboka zikaporomoka. Mtaro ukipanuliwa bila kujengewa ngazi za mawe za kupunguza kasi pale unapomwaga, wa Buyenzi watakauka na wa ukingoni watapoteza viwanja.