Kadari, Dadu na Hiari ya Mwanadamu

Je, lililotokea lilikuwa halina budi kutokea? Wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelijadili swali hili kwa karne nyingi, na mara nyingi mjadala umeishia hewani, kwa kuwa hatuna namna ya kuirudisha siku iliyopita ili tuone kama ingeweza kwenda njia nyingine. James F. Dunnigan, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1943, alilishika swali hilohilo kwa mikono, akalitengenezea ramani, kete na dadu. Alitumikia jeshi la nchi yake hadi Korea, akasoma historia katika Chuo Kikuu cha Columbia, na kuanzia mwaka 1967 akabuni michezo zaidi ya 100 inayoigiza vita vilivyopiganwa kweli. Wengi wameiona kazi hiyo kuwa burudani ya vijana wapenda majeshi. Mimi naiona kuwa ushahidi katika kesi ya hiari na kadari, na ushahidi wenyewe unasema kwamba hiari ya mwanadamu ipo kweli, ila ni finyu kuliko tunavyojisifu, na dhamana yake haivuki mipaka ya ufinyu huo.

Tuanze na mchezo wake wa kwanza, Jutland, uliotolewa na kampuni ya Avalon Hill mwaka 1967. Unahusu pambano la manowari za Uingereza na Ujerumani katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 31 Mei 1916. Wachezaji hawaanzi kwa kurushiana mizinga. Kila mmoja huandika kwa siri njia ya meli zake, asijue mwenzake yuko wapi, na wakishagunduana ndipo vipande vya kadibodi hupangwa mezani au sakafuni na masafa yakapimwa. Mpangilio huo unamweka mchezaji karibu kabisa na mahali aliposimama Admirali Jellicoe, kamanda wa manowari za Uingereza, jioni ile. Alikuwa na manowari kubwa 24 zikisafiri kwa safu sita, ukungu na moshi vimetanda, na taarifa zilizomfikia kutoka kwa maofisa wake zilikuwa pungufu na zenye kupingana. Ilimpasa aamue kwa dakika chache azikunjulie upande gani. Akachagua kushoto, na meli za Wajerumani zikajikuta mbele ya mstari mzima wa mizinga yake. Saa moja baadaye, manowari ndogo za Kijerumani zilipofyatua topido, aligeuza meli zake kuzikwepa, adui akapata mwanya, na usiku ukamsaidia kufika nyumbani. Kwa miaka mingi Waingereza waligombana juu ya geuko lile: ni busara au ni woga? Churchill, ambaye hakuwa mpole kwa Jellicoe, alikiri kwamba huyo ndiye mtu pekee wa pande zote mbili aliyeweza kushindwa vita vyote kwa alasiri moja. Anayeucheza mchezo huu anaelewa haraka kwa nini mtu mwenye mzigo wa namna hiyo angegeuka. Uamuzi ulikuwa wake, angeweza kuamua vingine, lakini ukungu, giza na uhaba wa habari havikuwa vyake.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi ya Dunnigan. Katika michezo mingi ya aina hii, ramani hugawanywa kwa vyumba vya pembesita, na kila kete huwa na tarakimu za nguvu na mwendo. Unaposhambulia unalinganisha nguvu zako na za adui, unatafuta uwiano kwenye jedwali, kisha unarusha dadu. Mchezaji mzoefu hutumia muda mrefu kutafuta kikosi kimoja zaidi ili uwiano utoke 2 kwa 1 ufike 3 kwa 1, maana anajua dadu haimtii, ila anaweza kupunguza madhara yake. Ujasiri wake wote umo katika kazi hiyo ndogo ya kuhesabu njia, mito na umbali. Mchezo uitwao 1914, unaohusu mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza na uliofuata mwaka 1968, ulisifiwa kwa uhalisia na kulalamikiwa kwa sababu hiyohiyo, kwani majeshi yalikwama kama yalivyokwama yale ya kweli. Malalamiko hayo ndiyo sifa yake kubwa. Waliotaka kuwa Napoleon waligundua kwamba mwaka 1914 haukuwa na nafasi ya Napoleon.

Wala hakuyafungia mawazo hayo katika vita. Baada ya wanafunzi wa Columbia kuyateka majengo ya chuo mwaka 1968, alibuni mchezo juu ya mgogoro huo, ukachapishwa na gazeti la wanafunzi, ambamo wanaharakati na uongozi wanavutana kupata uungaji mkono wa makundi mbalimbali. Mwaka 1969 alianzisha kampuni ya SPI mjini New York, akalichukua jarida la Strategy & Tactics na kulifanya litoke na mchezo kamili ndani ya kila toleo, huku wasomaji wakiulizwa vita gani vifuate. Baadaye hata jeshi la Marekani lilimwagiza kazi.

Atasema mpinzani: lakini kanuni zote hizo kazitunga mtu mmoja, anachokithibitisha ni mawazo yake mwenyewe. Hoja ni nzito, na mfano wake uko wazi. Katika PanzerBlitz, mchezo wake mashuhuri wa mwaka 1970 kuhusu vifaru vya Wajerumani na Wasovieti, vifaru viliweza kuruka kutoka msitu mmoja hadi mwingine mchana kweupe bila kupigwa, kwa kuwa kanuni hazikumruhusu adui kufyatua wakati wa zamu ya mwenzake. Uhuru ule haukuwahi kuwapo vitani. Ulizaliwa na kasoro ya kanuni. Lakini angalia jinsi ulivyogunduliwa: wachezaji waliucheza, wakaona jambo lisiloingia akilini, wakalitaja, na mchezo mwenza wa mwaka 1974, Panzer Leader, ukaleta kanuni ya kulizuia. Dai linaloweza kukamatwa likikosea lina thamani. Mwanahistoria anayeandika kwamba kushindwa kwa fulani “kulikuwa hakuepukiki” anadai jambo kubwa zaidi, tena hatupi jedwali la kumpimia.

Pingamizi la pili linatoka msikitini, na nalichukulia kwa uzito zaidi. Mafundisho ya Mtume yanamkataza mwislamu aliyepatwa na jambo kusema lau ningalifanya hivi ingalikuwa vile, maana neno hilo humfungulia Shetani mlango. Isitoshe, wanazuoni wengi wanaharamisha michezo ya dadu. Kuhusu dadu sibishani nao. Hoja yangu haimtaki mtu acheze. Kuhusu lau, wanazuoni wenyewe walitofautisha: linalokatazwa ni lile la kujutia na kuipinga kadari, si lile la kujifunza, kwani Mtume mwenyewe alilitumia katika hija yake ya kuaga. Na mbunifu wetu hajutii chochote. Anatenganisha yale aliyopewa mtu na yale aliyoyachagua, jambo ambalo imani inalihitaji sana, kwa sababu siku ya hesabu hakuna atakayeulizwa juu ya ukungu wa Bahari ya Kaskazini.

Linabaki pingamizi la wafu. Katika pambano la Jutland walikufa watu zaidi ya 8,500, wengi wakizama na meli zilizolipuka kwa dakika chache, na mchezo unawaondoa sakafuni kwa kuokota kipande cha kadibodi. Hapa sina utetezi kamili. Jedwali hupima uamuzi wa admirali. Mpiga makaa aliye chini ya sitaha, asiye na la kuamua, halimwoni kabisa. Huo ni upungufu wa kweli, na wanaoipenda michezo hii wanapaswa kuukiri. Hata hivyo wafu hao hawatendewi haki zaidi na anayesema walikufa kwa sababu ilikuwa lazima wafe. Kama uamuzi ulikuwa wa mtu, basi kuna mtu wa kuulizwa, na swali la haki la kumwuliza ni hili: saa ile ulijua nini, ulikuwa na nini mkononi, na ulichagua nini? Msomaji anayewahukumu viongozi wa vita, wa jana au wa leo, namwomba aanze na maswali hayo matatu kabla hajatoa hukumu.