Tundu Lililokaa Pabaya Ndilo Lako

Mwana wa Fizi, kule mashariki mwa Kongo, unayesomea udaktari wa meno, sikiliza. Tundu la jino la mbele, penye mwanga, halihitaji shujaa. Watu wa kwenu watakuletea lile lingine: limejificha katikati ya magego mawili, limeshuka hadi chini ya ufizi, ulimi unalisukuma, mate yanalifurikia. Hilo ndilo linalokutetemesha mkono, na hilo ndilo lako.

Najua jibu jepesi: koleo. Piga ganzi, ng'oa, aingie mwingine. Mama wa soko la mji wa Baraka aliyekesha kwa maumivu atakushukuru. Lakini gego la mtu mzima likitoka halioti tena. Jirani zake huinamia pengo, na kutafuna kunahamia upande mmoja. Kung'oa kuwe uamuzi uliopimwa, kusiwe kimbilio la fundi asiyejiamini.

Basi jifunze kuziba. Ukitumia kompoziti, adui wako mkubwa ni unyevu. Tandaza mpira wa kulitenga jino. Ukiukosa, panga pamba na uzibadilishe kabla hazijalowa. Zungushia jino utepe wa chuma, penyeza kabari ndogo ili utepe ubane shingoni. Ukiipuuza kabari, dawa itavuja chini ya ufizi, na kila mlo utaacha mabaki pale. Kisha fuata mpangilio bila kuruka hatua: asidi, suuza, kausha, gundi, taa. Ndipo dawa yenyewe iingie tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2 na kila moja ipate mwanga wake. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeshindilia tundu zima kwa mkupuo anaacha dawa mbichi chini, na jino litaoza tena huku juu likionekana zima.

Utasema, "Kwetu umeme hauna uhakika." Ni kweli, ila hoja hiyo ilishapata jibu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika letu hilihili. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Jo Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Dar es Salaam walianza kuziba meno bila umeme wala mashine ya kutoboa. Uozo laini unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linajazwa simenti ya glasi ayonoma na kukandamizwa kwa kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta ya mgando. Simenti hiyo hushikamana na jino yenyewe, huvumilia unyevu kuliko kompoziti, hutoa floridi, na rangi yake inakaribia ya jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliipigia debe njia hiyo. Mwaka 2021 likaiingiza simenti yenyewe katika orodha ya dawa muhimu. Kwa hiyo umeme ukikatika, mgonjwa asirudishwe nyumbani.

Uwe Kinshasa, uwe chuoni Muhimbili, anza leo. Kusanya meno yaliyong'olewa, yasafishe vizuri, yapange kwenye plasta yakiwa yamebanana kama yanavyobanana kinywani. Jizoeze kufanya kazi kwa kutazama kioo tu, hadi mkono uache kwenda kinyume. Ukimaliza, pitisha uzi kati ya meno: ukichanika, kuna ncha umeacha, ukipita bila kukwama popote, meno hayajagusana. Likitokea lolote kati ya hayo, toa dawa yote, uanze upya. Mwalimu akikukosoa, mshukuru, maana mgonjwa wa Fizi hatakuwa na daktari wa pili wa kumkimbilia.

Wagonjwa wakigawiwa kesho, usinyemelee jino rahisi. Nyoosha mkono, omba gego la mwisho kabisa. Fizi imeambiwa ingoje mengi: barabara, umeme, amani. Matibabu ya meno yasiongezwe kwenye orodha hiyo. Soma, ziba, kosolewa, ziba tena, halafu rudi nyumbani ukafanye kazi!